Sukari Niliyoivusha Tumboni

Nyaketcho,

Hii hadithi kila mtu anaisema vibaya. Sokoni Busia wanasema pombe yangu ndiyo ilikutia sukari ukiwa bado shule. Wale wa maombi ya Jumatano wanasema walikuwekea mikono, pepo la sukari likatoka likilia, ndiyo maana siku hizi hujidungi sindano. Shangazi yako wa Lumino ana hadithi yake ya mganga na kuku mweusi, na kila Krismasi huyo kuku anazidi kunenepa. Wote waongo. Na mimi, ambaye kwa uongo hakuna wa kunifikia kutoka Malaba mpaka ziwani, siwezi kukubali kushindwa na waongo wadogo kwa hadithi ya mtoto wangu mwenyewe.

Salamu nilikupa asubuhi ukazinywa na chai, sina zingine. Ndiyo, ni mimi naandika, siyo mtu ananiandikia. Shule niliiacha kabla haijanijua jina, lakini kusoma nilijifunza kwenye magunia. Nilijua kuandika SUKARI kabla sijajua kuandika jina langu, na utaona hapa chini kwamba hiyo haikuwa bahati mbaya. Kama herufi zangu zinatembea upande upande kama watu wametoka kwangu kunywa, wewe zifuate tu. Hata hao huwa wanafika nyumbani.

Sitakuambia ufunge mlango, usikopeshe watu, usile vya barabarani. Kama mpaka leo hujajua, Nakuru unakokwenda kazi itakufundisha. Nataka kuongea neno moja. Juzi ulikuwa unakunja nguo, nikakuuliza vidonge vyako umeweka wapi. Ukasema vilivyobaki vitatosha kwanza, halafu utaona.

"Utaona nini?" nikauliza.

"Mama, kule kiwandani hakuna mtu ananijua. Sitaki kuanza kuelezea watu. Nataka kuwa mtu wa kawaida tu, mtu hana hadithi."

Nikanyamaza. Na kwa sababu mimi sijui kunyamaza, ulidhani nimekasirika. Nilikuwa natafuta jibu, na jibu langu ni refu, haliwezi kuingia kati ya blauzi na sketi.

Jibu ndilo hili. Mtu asiye na hadithi hayuko. Yuko tu mtu ambaye hadithi yake ameachia watu. Na yako ukiwaachia, hutapata aibu peke yake. Siku utashikwa na malaria huko, watakupima, watakuta sukari iko juu, watauliza ilianza lini. Utasema nikiwa msichana wa shule. Watatikisa kichwa na kukurudisha kwenye sindano, na kule kutetemeka kutarudi pamoja nazo. Au utakaa kimya, vidonge viishe, useme mbona najisikia vizuri, labda wale wa Jumatano walikuwa kweli. Ukimaliza hivyo macho yako na figo zako, nani ataniletea wajukuu niwadanganye?

Kwa hiyo kaa chini. Nakusimulia vile ilivyokuwa, ndiyo uende nayo yote.

Mwanzo ni mimi, kama kawaida.

Unajua sukari ya hapa mpakani ina tabia ya mwanamume: leo inapenda upande huu, kesho inapenda ule. Ikiwa rahisi Kenya sisi tunaileta Uganda, ikiwa rahisi Uganda tunaipeleka Kenya. Wanaume walibeba kwa baiskeli, wakashikwa. Sisi wanawake tulibeba kwa tumbo. Unaitia kwenye karatasi ya nailoni, unaifunga na leso, unashusha gauni, unapita njia ya panya katikati ya mahindi kama mtu anakaribia kujifungua. Wenzangu walitembea kama wamebeba gunia. Mimi nilitembea mimba vizuri kuliko wenye mimba. Nilishika kiuno. Nilitema mate. Nilimtukana mume ambaye hata hakuwa karibu.

Ile siku unaijua, lakini nairudia. Mwaka ule wa njaa, afande mmoja mnene alitoka kwenye mahindi, akanigusa tumbo na fimbo.

"Mama, hii ni sukari."

"Afande, hii ni mtoto."

"Mimba za hapa nimeshika nyingi. Zote zilikuwa tamu."

"Basi wewe ndiye baba yao. Hii siyo yako, niache nipite."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha kofia. Akaniacha nikapita, na sukari yangu tumboni. Hii hadithi nimeisimulia kwa kila chungu nilichopika. Wateja wanaijua kuliko Baba Yetu. Nikianza tu, mzee mmoja anachomoa chunguni mrija wake mrefu wa kunywea, anaunyoosha kama fimbo, anasema sauti nzito, "Mama, hii ni sukari," na mimi najibu. Wewe uliisikia hata kabla hujajua kukaa.

Ndiyo maana najivuna kwamba serikali mbili nzima hazikuweza kunishika na sukari. Aliyekuja kunishika ni kidaktari kimoja chembamba, na kilitumia kidole changu mwenyewe.

Ukazaliwa. Njaa ilikuwa bado imekaa kwetu kama mgeni haoni jua limezama. Baba yako, kwa sababu alikuwa Msamia wa Dabani, alitaka uitwe Nekesa, mtoto wa mavuno. Nikamuuliza, mavuno yapi, Wandera? Yale ya jirani? Nikakupa jina la kwetu Sop Sop, Nyaketcho, mtoto wa njaa. Na ona vile Mungu anajua utani: mtoto wa njaa, damu imejaa sukari.

Ulipoanza kuwa msichana ukaanza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Ukakonda. Nyuma ya nyumba pale mlipokuwa mnakojoa, sisimizi wakapanga foleni. Baba yako akaniita nione. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilimwambia, "Hiyo ni damu ya kwetu. Nyanya yangu pia walimfuata. Sisimizi wanajua watu wakubwa." Kiswahili kwa chungu kina mambo: chungu ni kile napikia, chungu ni yule mdudu, chungu ni ladha ya dawa. Kwetu vyote vitatu vilikaa nyumba moja, na mimi nikaona kimoja tu, kile kinaniletea wateja.

Mwalimu wako ndiye alisema tuende hospitali. Tukavuka, kwa sababu siku hizo upande wa pili ndiko kulikuwa na dawa. Akatupokea daktari mmoja kijana, Kiswahili chake kimepigwa pasi.

"Mama," akasema, "tatizo liko kwenye kongosho."

Sasa wewe umesoma. Wewe unajua kongosho ni kile kipande cha nyama kinalala nyuma ya tumbo. Mimi nilikuwa Mjapadhola anapika pombe ya wimbi, na kwetu pombe ya wimbi, hii malwa, jina lake ni kongo. Nilisikia kongo. Ile "sho" nikadhani ni kukohoa.

"Kongo imefanya nini?" nikamuuliza.

"Kongosho la mtoto halifanyi kazi vizuri."

"Kongo yangu inafanya kazi vizuri sana. Uliza mtu yeyote huku mpakani."

"Mama, kila mtu ana kongosho."

"Hapana. Tunapika watu wachache, na wengine wanaharibu tu wimbi."

"Liko ndani ya tumbo lake."

"Nani amemnywesha? Mtoto wangu hajawahi kushika mrija. Nitajie mtu."

Huyo kijana akaweka kalamu chini. Wewe ulikuwa unanivuta leso, "Mama, mama," na mimi nikakushika mkono tukatoka bila dawa. Nikafika sokoni, nikasimama pale wanapouza samaki wakavu, nikatangaza kwa sauti yangu hii: "Njooni msikie. Eti kongo yangu ndiyo imemtia mtoto wangu sukari." Nilitaka wacheke na mimi. Walisikia maneno, hawakusikia kicheko. Jioni vyungu vilikuwa vimejaa na viti viko vitupu. Kwa hiyo ukisikia huo uongo wa pombe, ujue fundi wake ni nani. Ni kazi yangu mwenyewe, na ndiyo maana imedumu.

Muhula ukapita huna dawa. Ukaanguka shuleni. Hapo sikubishana na mtu.

Hospitali wakasema ni ile sukari ya watoto, ile ya sindano mpaka kufa. Hatuna friji. Nikachukua chungu changu kikubwa, kile wateja walikikimbia, nikakizika nusu kwenye mchanga wenye maji kwenye kivuli, nikaweka ndani yake kingine kidogo chenye chupa zako za insulini. Zikakaa baridi. Chungu walichosema kinakuua ndicho kililinda dawa yako. Nilikuwa nasema hivyo kwa kila mtu anapita, hata kama ameuliza tu njia. Na pombe nikaendelea kupika. Shangazi yako akasema, acha kupika watu wasahau. Nikamwambia, nikiacha ndiyo watakumbuka.

Lakini zile sindano hazikukupenda. Unadungwa kidogo, unatetemeka kama kuku amenyeshewa, jasho, macho yanatafuta mtu haonekani, na mimi nakutia asali mdomoni na kidole. Mara nyingi nilifikiri asubuhi nitakukuta umepoa. Hapa siweki utani.

Na kuna mtu alilipa hizo sindano kwa jina lake: nyanya yako wa Dabani. Mimi ndiye nilisema sukari imetoka kwake. Kwa nini? Kwa sababu alikufa na miguu imevimba na alipenda chai tamu. Kwa sababu alikuwa mama mkwe. Nilisema, kwetu hakuna, sisi ni watu wakavu kama kuni, angalia mimi. Nilisema mpaka baba yako akaamini. Alikuwa akikuona unatetemeka anatoka nje, anasimama kwenye ndizi. Alikufa barabarani na baiskeli yake, na alikufa akiamini mama yake ndiye alikupa hiyo damu. Hilo siwezi kulirudisha chunguni.

Ukaja ule mwaka wa korona. Mpaka ukafungwa, njia za panya zikajaa askari, na upande wetu insulini ikakosekana. Ulikaa siku nyingi bila sindano. Mimi nikaanza kukutengea nguo za kukuzikia, nakwambia leo. Wewe ukakonda kidogo, ukakojoa sana, ukaendelea kuchota maji. Hukufa. Wale wa maombi ndipo walipata muujiza wao.

Tulipofika kliniki ya sukari Tororo tukamkuta yule daktari mwembamba mwenye mwanya. Wengine walikugombeza kwa kukosa dawa. Yeye alikaa akakuangalia.

"Siku zote hizo bila insulini, na umekuja unatembea?"

"Ndiyo," ukasema.

"Sukari ya aina ile ingekuleta umebebwa. Kuna kitu hapa." Akanigeukia. "Mama, nani mwingine kwenu?"

"Kwa baba yake. Kwangu hakuna."

"Hakuna aliyekonda, akanywa maji sana, akafa kijana?"

Na mimi, mwenye maneno kuliko redio, nikaanza kufunga leso upya. Kwa sababu alikuwepo. Hujawahi kumsikia kwa sababu sijawahi kumtaja. Ndugu yangu Okoth, yule alinifuata kuzaliwa, tulinyonya ziwa moja. Alikonda miaka ile ambayo mtu akikonda ana jina moja tu la ugonjwa, ukimwi. Hakuna aliyempima. Hakukuwa na haja, watu walikuwa wanajua. Akija kwenye chungu watu wanainuka. Siku moja kabla hajafika nikautoa mrija wake chunguni, nikautia motoni. Unajua kwetu mrija wa mtu ni nini. Ukitolewa, mtu hasemwi, hatukanwi, hafukuzwi. Anakuta tu nafasi yake haipo. Alifika, akahesabu mirija kwa macho, akasema, "Sawa, dada." Akarudi nyumba yake. Hakunywa na watu tena mpaka tukamzika.

Daktari baadaye alisema huwezi kupima kaburi. Labda ilikuwa kile walichosema, labda ilikuwa hii yetu. Lakini alikunywa maji, Nyaketcho. Na sisimizi nawakumbuka.

Unaona sasa kwa nini nimekataa hilo neno lako la mtu hana hadithi? Okoth alinyamaza pia. Alikuwa mpole, alitaka amani. Watu wakamwandikia hadithi, na mimi dada yake nikaweka muhuri.

Damu yako ikapelekwa ng'ambo, na yangu pia, kwa sababu nilisema chukueni, mtakuta kuni tupu. Majibu yalikawia. Siku ile alitukalisha mimi na wewe, akasema, "Tumepata. Na imetoka kwa mama."

"Mama mkwe," nikamsahihisha.

"Mama huyu hapa."

"Rudia kusoma."

Hakurudia. Alinishika kidole, akakidunga, akatia kwenye kimashine chake. Kikalia pii. Akakiangalia, akaniangalia, akanionyesha. Miaka yote hiyo nilikuwa natembea na sukari juu, najiita mkavu. Najua ulitaka kulia. Mimi nilitaka kubisha, na nikabisha.

"Mimi sukari nimevusha kwa nailoni," nikamwambia, "siyo kwa damu."

Akacheka, akavuta kiti. Hapo ndipo alituelezea, na hapo ndipo nataka usikie vizuri, kwa sababu haya ndiyo utawaambia watu wa Nakuru.

Alisema kila kipande kidogo cha mwili, seli, kina kitabu kilekile kimoja. Nikamuuliza, kama ni kitabu kimoja, mbona jicho halioti kucha? Akasema kwa sababu seli haisomi kitabu chote. Kuna protini ambazo kazi yao ni kwenda kwenye kitabu na kusema, wewe fungua hapa, pale funga. Wanyapara. Mtoto akiwa bado tumboni, mnyapara mmoja anafika kwa kundi la seli hazijui zitakuwa nini, anasema, nyinyi mtakuwa kongosho. Mwingine anachagua wachache kati ya hao, anasema, nyinyi mtaonja sukari ya damu, na ikipanda mtatoa insulini. Na kuna wanyapara ambao mtoto akishazaliwa hawaondoki. Wanabaki maisha yote, kila siku wanazikumbusha kazi.

"Kwani seli inaweza kusahau kazi yake?" nikauliza.

"Inaweza," akasema. "Polepole."

Sisi mnyapara wetu mmoja ndiye ana kasoro. Jina lake ni herufi na namba, kama namba ya lori limelala kwenye foleni ya Malaba. Wewe unalijua kwa kichwa, nimekusikia ukilitamka kama jina la kanisani. Mtu anapata maandishi mawili ya kumtengeneza mnyapara huyo, moja la baba, moja la mama. La Wandera lilikuwa zima. La kwangu limeharibika. Kwa hiyo kwako mnyapara anakuja kazini nusu. Ukiwa mtoto nusu ilitosha. Ulipokua, zile seli zikaanza kuchoka na kulegea. Hata mkojo, mnyapara huyohuyo ana kazi kwenye figo, huko nako anaacha sukari inavuja. Sisimizi walikuwa wanasema ukweli miaka yote. Tulikosa tu mtu wa kuwatafsiri.

"Sasa sindano za nini?" nikamuuliza.

"Hizo ndizo nataka kumwachisha," akasema. "Seli zake hazijafa. Insulini bado zinatengeneza ndani. Taarifa ya kuitoa ndiyo hafifu, inapotea njiani. Kuna kidonge cha zamani, hakifuati hiyo njia. Kinaenda moja kwa moja mlangoni, mlango unafunguka, insulini inatoka."

"Njia ya panya," nikasema.

Hakujua ni nini. Amezaliwa Kampala, maskini. Nikamwelezea na fimbo na mahindi na kila kitu, foleni ya nje ikangoja, na alipomaliza kucheka akasema ndiyo, hiyo hasa. Akakupunguzia sindano akikuangalia, mpaka ukabaki na kidonge kidogo ambacho nikitema mate kinapotea. Akanipa na mimi. Akasema pia, ukija kuzaa, kila mtoto ni kama kurusha shilingi, anaweza kuipata, anaweza kuikosa. Nilikuona ukiangalia chini. Basi na mimi nakuuliza: nilipokuzaa shilingi ilirushwa, ikaanguka upande mbaya. Ungependa nisingeirusha?

Nyumbani wewe ndiye ulinifundisha mpaka ikaingia. Nilikuwa nimetandaza wimbi uliolowekwa, nimeufunika na majani ya ndizi ili ufanye kimea. Ukafunua jani, ukaokota punje moja imechipua na nyingine kavu kwenye gunia.

"Onja, mama."

Ile kavu ilikuwa unga. Ile imechipua ilikuwa tamu.

"Uliitia sukari?" ukaniuliza.

"Sukari gani? Maji tu na majani."

"Basi utamu ulitoka wapi?"

"Ulikuwa ndani."

"Punje haikuongezwa kitu," ukasema. "Iliambiwa tu, amka, anza kazi. Ndani yake pia kuna wanyapara."

Miaka yote hiyo naamsha wimbi, mtu mwenyewe nimelala. Nilikaa pale chini na punje mdomoni, nikakasirika, kwa sababu ulikuwa umenishinda kwa mfano wangu mwenyewe, na hakuna aliyewahi kunishinda kwa mfano.

Kwa hiyo hapo kwenye damu usiningoje nikuombe msamaha. Sikukupa kwa kupenda, na aliyenipa mimi hakupenda. Kwa Okoth, ndiyo. Kwa nyanya yako, ndiyo. Nilikwenda Dabani mwenyewe, nikasimama kwenye kaburi lake na la baba yako, nikasema kwa sauti ya sokoni kwamba ilikuwa kwetu Sop Sop, majirani wakatoka kuangalia. Kwa ule muhula bila dawa, ndiyo. Hayo niliyafanya kwa mikono na mdomo wangu. Damu haina mikono. Mtu akikuambia huko kwamba ni laana, mwambie laana ya kwenu ina namba kama lori, na mama yako anaimezea kidonge kila asubuhi na bado anapika.

Na wale wa hospitali ya huko, wakitaka kukurudisha kwenye sindano kabla hawajakusikia, usiogope kwamba wamesoma. Wengi wao hii hawajakutana nayo. Waambie mara moja. Wakikataa, waambie tena. Usinyamaze kwa upole. Upole wa Okoth nimeuona mwisho wake.

Sasa kuna kitu kimoja. Nimesema naweka hadithi sawa, na hapo juu nimeacha uongo mmoja umelala kama paka, kwa sababu nimeuzoea.

Ile siku ya afande, sikuwa na sukari. Hata punje. Nilikuwa nimevuka kutafuta unga, nikakosa, narudi mikono mitupu. Tumboni nilikuwa na wewe. Yale maneno ya "wewe ndiye baba yao" niliyapata baadaye, nakaanga wimbi peke yangu. Siku ile nilisema tu, "Afande, ni mtoto." Hakuamini, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumemzoeza uongo. Nikasema tena ni mtoto. Akasukuma na fimbo. Nikasema tena. Hakuna aliyecheka. Halafu ukapiga teke, fimbo ikaruka mkononi mwake, akarudi nyuma, akanipisha.

Niligeuza ikawa sukari kwa sababu mwanamke mwenye magendo watu wanamcheka, na mwanamke mwenye njaa na mimba wanamhurumia. Huruma sikuitaka, na bado siitaki.

Lakini tangu kidole changu kidungwe naifikiria ile njia ya panya tofauti. Afande alisema ni sukari. Mimi nikasema ni mtoto. Nyaketcho, sisi wote wawili tulisema kweli.

Ni mimi,
mama yako, mwenye kongo